Kabla Basi la Umeme Halijaagizwa: Mwenye Gari na Wafanyakazi Wake Wakae Vipi Mezani

Ukitaka kujua kama safari ya kuacha diseli itakuwa ya haki, usisubiri hotuba ya siku ya uzinduzi. Tafuta tarehe mbili: siku mkataba wa kununua mabasi uliposainiwa, na siku mwajiri na wafanyakazi walipokaa kikao cha kwanza. Kikao kikitangulia, kuna mengi ya kuzungumza. Mkataba ukitangulia, kinachobaki ni kiinua mgongo, na hicho nacho hujadiliwa watu wakiwa wameshanuna.

Mwongozo huu ni kwa kampuni au ushirika wa mabasi unaofikiria kubadili magari, na kwa madereva, makondakta na mafundi wanaoyafanyia kazi. Nimewaandikia wote pamoja kwa makusudi. Kila upande ni vizuri ujue mwenzake ameambiwa nini. Mambo yenyewe yameshafika mlangoni. Nairobi iliona mabasi ya abiria ya umeme barabarani mwaka 2022. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingiza magari madogo ya petroli na diseli. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria inayosajiliwa lazima iwe ya umeme. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa mwongozo wake wa mpito wa haki mwaka 2015, na Mkataba wa Paris wa mwaka huo huo unautaja mpito huo katika utangulizi wake. Kauli ya msingi ya mwongozo huo wa ILO ni kwamba serikali, waajiri na wafanyakazi waamue pamoja. Namna ya kuamua pamoja pale stendi na gereji, hilo mnaachiwa ninyi.

Anzeni na makaratasi ya muuzaji

Gari linapobadilishwa, ajira huamuliwa kwenye makaratasi ambayo mfanyakazi hayaoni: ofa ya muuzaji, barua ya benki, makubaliano na shirika la umeme. Meneja, kabla hujashika kalamu, yasome upya ukiwa na swali moja tu: sentensi hii inamgusa nani kati ya watu wangu?

Kipengele cha matengenezo ndicho kizito kuliko vyote. Kuna wauzaji wanaouza au kukodisha basi la umeme pamoja na huduma yake: fundi wao ndiye anayeligusa, na akiligusa mwingine dhamana imekufa. Kwa mwenye gari hii ni nafuu kubwa, kwa sababu hofu ya betri haiwi yake. Kwa gereji yake, aya hiyo moja inatosha kuifunga. Lakini muuzaji ambaye bado anaitafuta saini yako ana masikio. Mwambie awachukue mafundi wako kadhaa kwenye kituo chake, au awafundishe na kuwathibitisha ili breki, tairi, springi, bodi na viyoyozi viendelee kutengenezwa kwako. Ukija na ombi hilo baada ya kusaini, atakutajia bei.

Kipengele cha pili ni mfumo wa nauli. Basi jipya mara nyingi huja na mashine ya kadi au malipo ya simu, na benki hupenda hivyo kwa kuwa inayaona mapato moja kwa moja. Hapo ndipo kondakta anapotoka kwenye hesabu za biashara, ingawa hakuna mahali palipoandikwa neno kondakta. Kadi na umeme ni mambo mawili tofauti, basi la umeme linaweza kukusanya nauli mkononi kama lolote lile. Msikubali yafungwe pamoja bila kujadiliwa moja moja.

Halafu kuna ratiba ya kuchaji. Gari linalochajiwa usiku linahitaji mtu wa usiku, na linalochajiwa mchana linasimama wakati dereva yupo kazini. Saa hizo za kusimama zinalipwa au hazilipwi? Liulizeni mapema, maana ni swali dogo linaloleta ugomvi mkubwa.

Nafuu ya mafuta ni ya nani?

Kwenye daladala, kama kwenye matatu, utaratibu unajulikana. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni. Dereva na kondakta wanalipa mafuta kutoka kwenye makusanyo, wanatoa hesabu, kinachobaki ndicho chao. Siku ya mvua na foleni wanaweza kurudi nyumbani mikono mitupu, na siku nzuri wanapata cha kueleweka. Wengi hawana mkataba wa maandishi wala mchango wa NSSF.

Basi la umeme linavuruga mpangilio huu kuanzia kwenye mafuta. Tuseme, kwa mfano tu, gari linakusanya shilingi 250,000 kwa siku. Mafuta ni 90,000, hesabu 100,000, wafanyakazi wanabaki na 60,000. Umeme wa kazi ile ile ugharimu 40,000. Zimepatikana 50,000 ambazo jana hazikuwepo. Mwenye gari atasema ni zake, kwa sababu gari ni ghali na mkopo ni mzito, na hasemi uongo. Wafanyakazi watasema mafuta walikuwa wanalipa wao, kwa hiyo nafuu yake ni yao. Nao hawasemi uongo.

Ushauri wangu ni kwamba hizo 50,000 ziwe mada ya kwanza kabisa kikaoni, kabla ya mafunzo na kabla ya sare. Ziwekeni ubaoni kwa takwimu halisi za njia yenu. Sehemu iende kwenye mkopo. Sehemu igeuze hesabu kuwa mshahara: kiwango kinachojulikana, mchango wa hifadhi ya jamii, likizo, na posho juu yake kwa siku nzuri. Mkishindwa kukubaliana juu ya mafungu, kubalianeni kuyapitia tena baada ya miezi 3 barabarani, mkiwa na ankara za umeme mkononi. Mwenye gari anayefikiri kwa umakini ataona faida yake pia. Dereva wa hesabu hukimbiza gari, na kukimbiza gari la umeme kunamaliza chaji kabla ya safari za jioni. Dereva wa mshahara ana sababu ya kuendesha taratibu.

Wafanyakazi nao wajue kuwa mshahara unakuja na gharama zake. Uhuru wa kuamua saa ya kuanza na saa ya kupumzika unapungua, na dereva mzoefu wa njia yenye abiria wengi anaweza kupata pungufu kuliko alizozoea siku nzuri. Semeni hivyo waziwazi ndani ya tawi lenu kabla ya kwenda kikaoni, vinginevyo mtagawanyika mbele ya meneja.

Hesabuni watu, msihesabu orodha ya mishahara

Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Komati, mkoa wa Mpumalanga nchini Afrika Kusini, kilizimwa Oktoba 2022. Kampuni ya Eskom iliwahamishia wafanyakazi wake wa kudumu kwenye vituo vingine, na kwenye karatasi hakuna aliyefukuzwa. Lakini kituo kilikuwa kinalisha watu wa mikataba midogo, wasafishaji, wapishi, wenye nyumba za kupanga na wauza duka, na hao hawakuwa na kituo kingine cha kuhamia. Malalamiko yaliyoifuata Komati yalitoka zaidi kwao.

Kwenye mabasi hali ni hiyo hiyo, tena kali zaidi, kwa sababu orodha rasmi ni fupi sana. Chukueni daftari mwandike kila anayekula kwenye magari haya: dereva mwenye gari lake, deiwaka anayemshikia siku mbili kwa wiki, kondakta, utingo, mpiga debe, mwosha magari, fundi wa pampu ya diseli, fundi umeme wa gari, kijana anayefuata spea, mama lishe wa getini. Pembeni ya kila jina andikeni ameanza lini na anafanya nini hasa. Hamtaweza kuwalinda wote, wala sidai kwamba kampuni ya mabasi ina deni kwa mpiga debe sawa na kwa fundi wake wa miaka mingi. Lakini asiyeandikwa hatatajwa kikaoni.

Kwa deiwaka daftari hilo lina kazi nyingine. Haki nyingi za kisheria hupimwa kwa miaka ya utumishi, na mtu aliyefanya kazi miaka 8 bila karatasi atasumbuka kuthibitisha hata mmoja. Picha za ratiba, jumbe za simu za kupangiana zamu, miamala ya hesabu iliyotumwa kwa simu: anzeni kuzihifadhi sasa.

Nairobi kuna mfano mzuri wa kuhesabu mapema. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipokuwa bado kwenye michoro, Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji (ITF) pamoja na vyama vya wafanyakazi wa matatu walifanya utafiti wa athari zake kwa ajira, wakawahoji wafanyakazi wenyewe. Dar es Salaam, kabla mwendokasi haujaanza Mei 2016, kampuni ya UDA-RT iliundwa na shirika la mabasi la UDA pamoja na vyama vya wenye daladala. Mazungumzo yaliyosikika zaidi yalihusu hisa na njia. Mwenye gari alikuwa na chama cha kumtajia hisa. Kondakta hakuwa na chake chenye nguvu kama hiyo.

Nani anaongea kwa niaba ya nani

Kama kuna tawi la chama, mfano COTWU(T) kwa Tanzania, huko ndiko pa kuanzia. Kama halipo, chagueni kamati, lakini chagueni kwa kazi: madereva wawili, makondakta wawili, mafundi wawili, mmoja wa ofisi ya tiketi, mmoja wa deiwaka. Kamati ya madereva watupu itaidhinisha kadi ya nauli ndani ya dakika kumi, kwa sababu haiwagusi. Wanawake wawemo, kazi za kuchaji, kuendesha na kuhudumia abiria ndizo zinazofunguka, na wasipokuwepo mezani nafasi zitagawanywa kwa mazoea.

Mwajiri wa Tanzania asidhani kwamba bila chama hana wa kushauriana naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoifikiria, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane kabla hajatekeleza: kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, namna ya kuchagua wanaoondoka, wakati, na kiinua mgongo. Wasio na chama wanatajwa pia. Tazama neno hilo, nia. Basi likishapanda meli ni vigumu kumshawishi msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwamba ulikuwa bado unafikiria.

Meneja ataogopa kuwa taarifa za bei zitamfikia mshindani wa njia ile ile. Hofu hiyo ina msingi. Wajumbe wasaini ahadi ya siri kwa taarifa zilizotajwa kwa majina, na wafanyakazi waiheshimu kwelikweli, kwa sababu ikivuja mara moja hamtaonyeshwa karatasi tena.

Fundi wa diseli

Huyu ndiye anayeumia kimyakimya. Kondakta hupigiwa kelele hadharani, na dereva anabaki na usukani. Fundi wa pampu na nozeli anaamka siku moja ujuzi wake hauna pa kukaa. Basi la umeme halina oili ya injini, halina klachi, halina ekzosi, na breki zake huliwa polepole kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kazi ya gereji inapungua, na hakuna mazungumzo yatakayoirudisha yote.

Inayobaki ina hatari mpya. Betri ya basi ina mamia ya volti, nyaya zake ni za rangi ya chungwa ili zionekane, na mkono unaozishika bila utaratibu unaweza usirudi. Utamaduni wetu wa gereji, wa kujaribu mpaka gari liwake, hapa unaua. Andikeni kwenye makubaliano kwamba hakuna anayefungua mfumo wa betri bila cheti, glovu za kuhami umeme, na mwenzake wa pembeni. Na kwamba fundi anayekataa kwa kukosa hivyo haadhibiwi.

Mafunzo yaombwe kwa maneno yanayopimika. Nafasi ngapi, za nani, lini, nani analipa, na mshahara wa siku za darasani unaendelea au hauendelei. Suala la nani analipa mafunzo si geni kwa madereva wa Tanzania: Aprili 2015 waligoma nchi nzima, na moja ya hoja zao ilikuwa kutakiwa kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni. Mei wakagoma tena, na safari hiyo mikataba ya ajira ilikuwa mbele. Mwajiri asiyekumbuka arejee kumbukumbu za mwaka ule.

Cheti kiwe na jina la fundi, si la kampuni peke yake. Kiwe kinatambulika nje ya geti lenu: zungumzeni na VETA au, kwa Kenya, NITA, zote mbili zina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi alioupata mtu kazini. Mtihani uwe wa mikono, na maelekezo ya usalama yawe kwa Kiswahili. Fundi mwenye miaka 50 ambaye anasikia ugonjwa wa gari kwa sikio hafai kufelishwa na kitabu cha Kiingereza. Mwajiri naye ana haki ya kuogopa kumsomesha mtu kisha achukuliwe na jirani, kwa hiyo mkataba wa kubaki kazini kwa muda fulani baada ya mafunzo ni halali kuuomba. Uwe mfupi na deni lake lipungue kila mwezi. Fundi asifungwe miaka 5 kwa kozi ya wiki mbili.

Watakaoondoka

Wapo watakaoondoka, na kikao kinachokwepa kulisema kinapoteza muda wa kila mtu. Kwanza malizeni njia nyingine: kutoajiri wapya, kuwaacha wanaokaribia kustaafu wamalize, kuwahamishia makondakta kwenye ukaguzi, kuchaji na huduma ya abiria, kuwalipia wanaotaka leseni ya kuendesha basi. Wekeni pia kwamba nafasi ikitokea ndani ya kipindi mtakachokubaliana, aliyeondolewa anaitwa kabla ya mgeni.

Kisha tazameni kiwango cha chini cha sheria, mjue kilivyo kidogo. Tanzania, kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, na mwisho ni miaka 10. Fundi wa miaka 20 anastahili siku 70, sawa na wa miaka 10. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, na taarifa ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi. Fundi yule yule angepata siku 300. Viwango hivi ni sakafu. Hakuna kinachowakataza kukubaliana juu zaidi, na muda wa kuomba zaidi ni pale mwajiri anapohitaji utulivu ili mabasi yaanze kazi bila mgomo. Waliochangia NSSF ya Tanzania waulizie pia mapema masharti ya fao la kukosa ajira.

Kuandika na kufuatilia

Makubaliano ya mdomo hufa siku meneja anapohamishwa. Yaandikeni yasainiwe na pande zote mbili, yawe sehemu ya mkataba wa hali bora, nakala iende kwa Kamishna wa Kazi. Kenya mkataba wa namna hiyo husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kila ahadi iwe na tarehe na cheo cha mtu anayewajibika. Andikeni pia litakalotokea mabasi yakichelewa bandarini wakati magari ya zamani yameshauzwa, kwa sababu miezi hiyo ya katikati ndiyo watu hukaa nyumbani bila mshahara na bila barua.

Hata makubaliano mazuri yanaweza kuchelewa. Hispania ilisaini makubaliano yake ya makaa ya mawe Oktoba 2018: serikali, vyama vya wafanyakazi na chama cha wenye migodi, wakatenga euro milioni 250 hadi mwaka 2027, na wachimbaji wa kuanzia miaka 48 wakapewa njia ya kustaafu mapema. Husifiwa sana, na inastahili. Lakini migodi isiyo na faida ilitakiwa kufungwa mwisho wa Desemba mwaka huo, na tarehe hiyo ilijulikana tangu 2010. Waliwahi kwa miezi miwili tu. Ninyi hamna euro milioni 250 za kufidia uchelewaji.

Jambo la mwisho ni dogo na mara nyingi ndilo linalovunja vikao vya kwanza. Dereva na kondakta wa hesabu wakija kikaoni, gari limesimama au deiwaka amelichukua, na siku hiyo hawali. Deiwaka akija, amepoteza moja ya siku zake mbili za wiki. Wekeni kikao saa nne asubuhi, baada ya abiria wa kazini kupungua, kisizidi muda wa saa mbili, na kila mjumbe asiye na mshahara wa mwezi alipwe siku yake na mwajiri, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye barua ya mwaliko. Mwajiri atakayelalamika kuhusu gharama hiyo ailinganishe na siku moja ya magari yote kulala gereji.